Maswali yenu: Imeili ya biashara ikikaa kwenye simu

Wiki hizi barua zenu nyingi ni za imeili. Watu wanadhani imeili imekufa kwa sababu ya WhatsApp, lakini biashara ikikua kidogo tu, ukianza kuagiza mzigo nje, ukiomba tenda, ukipokea wageni, ukienda benki kwa ajili ya mkopo, kote huko unaambiwa tuma kwenye imeili. Na wengi wetu ofisi yenyewe ni simu, kompyuta hatuna au ipo moja inagombaniwa. Kwa hiyo nimechagua barua sita, zingine nimezifupisha, na majina nimeyaondoa kama mlivyoomba.

Kaka habari za majukumu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Kurasini, naklia mizigo ya watu bandarini. Mwezi uliopita nimeporwa simu pale Buguruni, nilikaa dirishani kwenye daladala, jamaa kapita kaikwapua kapotea. Simu siililii, ninacholilia ni imeili maana BL (hati za mzigo wa meli) za wateja, invoisi, barua za wenye meli, zote zilikuwa mle. Nimenunua simu nyingine nikaweka imeili ile ile na paswedi ile ile, inboksi inafunguka nyeupe pee, kuna imeili za siku tatu tu. Fundi aliyeniwekea mwanzo anasema ndo hivyo zimeenda na simu. Imeili zinaibiwaje na simu wakati mtandao uko palepale? — Wakala, Kurasini, Dar es Salaam

Pole sana ndugu yangu. Fundi wako kasema kweli, ila hajakwambia kwamba ni yeye aliyeiweka hivyo.

Iko hivi. Imeili inapotumwa kwako haiji moja kwa moja kwenye simu, inafikia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya hao wanaokuhifadhia domeni yako (lile jina la biashara linalokaa baada ya @), ndo simu inaenda kuichukua huko. Sasa kuna namna mbili za kuichukua. Ya kwanza inaitwa POP, hiyo ni kama mtu anayeenda posta kufungua sanduku, anabeba barua zote, anarudi nazo nyumbani na sanduku linabaki tupu. Ya pili inaitwa IMAP, hiyo barua zinabaki kulekule kwenye sanduku, wewe unaenda kuzisoma tu, ukisoma kwenye simu ikaonekana imesomwa basi na kwenye kompyuta inaonekana imesomwa, ukifuta huku na kule imefutika. Huko ndo kusinki kwenyewe. Na wala sio teknolojia ya juzi, IMAP ilibuniwa na Mark Crispin pale Stanford, Marekani, mwaka 1986, wengi wetu hapa hatujazaliwa.

Wewe uliwekewa POP, tena ile ya kufuta kwenye seva baada ya kuchukua. Mafundi wengi wanafanya hivyo kwa nia njema tu, kwa sababu hosti, yaani hao wanaokuhifadhia imeili, za bei rahisi zinatoa nafasi ndogo, ukikaa na skani za BL miezi miwili boksi linajaa na imeili mpya zinaanza kurudishwa kwa waliotuma. Badala ya kumwambia mteja aongeze nafasi, fundi anachagua njia ya mkato.

Sasa ufanyeje. Kwanza kama kuna kompyuta yoyote ofisini iliwahi kuwekewa hiyo imeili ifungue, ila usiiunganishe na mtandao kabla hujaangalia, inawezekana kopi za zamani zipo humo. Pili wapigie waliokuhifadhia domeni, uwaulize kama wana bakapu ya kabla ya siku ulipoporwa, wengine wanakuwa nayo ya wiki moja au mbili, na uwapigie leo sio kesho maana zile za zamani zinafutwa kila siku. Tatu, waombe mawakala wa meli na wateja wakutumie upya, inachosha lakini BL wanazo.

Halafu futa hiyo akaunti kwenye simu mpya uiweke upya kwa IMAP. Kuigeuza huwezi, lazima uitoe uiingize tena, na hapa uwe makini, ukitoa akaunti ya POP imeili zilizomo kwenye simu zinaondoka nayo, kwa hiyo hizo za siku tatu ulizonazo zifowadi kwanza mahali pengine. Simu ikikuuliza namba za poti, kupokea kwa IMAP ni 993, kutuma ni 587 au 465, na usalama chagua SSL au TLS, usikubali kabisa kuweka bila usalama. Na lipia nafasi zaidi ndugu yangu. Kontena likichelewa kutoka kwa sababu karatasi imepotea, gharama za siku moja tu pale bandarini zinaweza kuizidi hela ya seva ya mwaka mzima.

Jambo moja hukuniambia na linaniumiza roho, kama ulibadilisha paswedi. Umeandika umeweka paswedi ile ile, maana yake aliyekupora naye bado anaingia, na hizo imeili za wateja wako anazisoma kama wewe. Badilisha sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hii safu. Mtu akiibiwa simu utaratibu ni huu: paswedi kwanza kwa kutumia simu ya mwenzio, halafu unaondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, halafu unafuta simu kwa mbali kama ni Android iliyounganishwa na Google au kama ni iPhone, halafu unarinyuu laini kwa alama za vidole ili namba zako za siri za SMS zisimfikie, ndo uende polisi kuchukua loss report. Watu wanaanza na polisi, wanapanga foleni nusu siku huku mwizi yuko ndani ya inboksi. Na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iandike leo mahali nje ya simu, piga *#06# itatokea.

Assalaamu alaykum mwanangu. Mie nna nyumba ya wageni hapa Jambiani, vyumba sita tu, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Wageni wananiandikia kwa imeili kutoka Italia, Poland, Ujerumani. Tabu yangu imeili haziingii kwa wakati. Mchana kutwa simu kimya, nikiifungua usiku zinaingia zote kwa pamoja kama mvua, nikimjibu mgeni ananambia ahsante nishapata pengine. Simu mpya ya Android, mjukuu wangu kanitilia apu ya kusafisha simu ili betri likae. Bando nnalo. Nini hii? — Mama, Jambiani, Unguja

Waalaykumu salaam mama, na shikamoo. Mjukuu kakutakia heri, lakini nadhani hiyo apu ya kusafisha ndiyo inayokufukuzia wageni.

Simu za Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 zina tabia ya kulala. Ukiiweka mezani kioo kimezima, baada ya muda inazikatia apu mtandao ili betri lisiishe, inaziamsha mara moja moja tu. Apu kubwa za imeili zimepewa njia ya kupenyeza taarifa hata simu ikiwa imelala, lakini ukija ukaongeza apu ya kusafisha, yenyewe inaziua kabisa, inaona apu ya imeili iko nyuma haitumiki basi inaizima. Kwa hiyo hakuna wa kwenda kuangalia mpaka wewe mwenyewe ufungue usiku, ndo unaona mvua.

Mwambie mjukuu aitoe hiyo apu. Halafu aingie kwenye setingi za simu, sehemu ya apu, achague apu ya imeili, aingie kwenye betri, aipe ruhusa ya kufanya kazi nyuma bila kuzuiwa. Akimaliza aangalie sehemu ya akaunti kama kusinki kwa kiotomatiki kumewashwa, maana wengi wanakuzima ili bando lisiliwe halafu wanasahau. Na ile ya kubana data, kama imewashwa, apu ya imeili iwekwe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Maneno matupu ya imeili hayali bando mama, kinachokula ni picha na viambatanisho, na hivyo simu inaweza kuambiwa isivishushe mpaka ukiwa kwenye waifai au mpaka uguse mwenyewe.

Kama imeili yako ni ya domeni yako na sio Gmail, kuna kitu kingine cha kuangalia, mara ngapi simu inaenda kuuliza. Apu nyingi zinakupa kuchagua kila dakika 15, kila dakika 30, kila saa, au kwa mkono, yaani usipoifungua haiendi kabisa. Na ipo njia bora kuliko hizo zote, simu haiendi kuuliza, inakaa na laini wazi na seva, ikiingia barua seva yenyewe inaisukuma. Sio kila apu inaweza, kwa hiyo chagua inayoweza. Wenye iPhone nao wasicheke, ile apu ya imeili inayokuja na simu ukiiwekea Gmail haisukumiwi, inaenda kuchota kwa zamu, maana Google waliacha kuwapa watu wapya wa akaunti za bure ile njia ya kusukuma inayoitwa ActiveSync tangu tarehe 30 Januari 2013. Ukitaka Gmail ifike papo hapo kwenye iPhone weka apu ya Gmail yenyewe.

Na nikukumbushe ile Mei 2024, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini na huku kwetu intaneti ikadorora siku kadhaa. Aliyekuwa anasoma imeili kwa kufungua tovuti alibaki hana hata jina la mgeni anayefika kesho yake. Aliyekuwa na apu iliyosinki alikuwa nazo ndani ya simu, alizisoma bila mtandao, akajibu, majibu yakakaa kwenye kikasha cha kutoka yakisubiri mtandao urudi. Apu ya Gmail kwa kawaida inaweka siku 30 za nyuma. Wewe wageni wako wanabuku miezi mitatu minne kabla, kwa hiyo mwambie mjukuu aingie setingi za akaunti aongeze siku zifike hata 180. Na mtandao ukiwa mbovu ukishabonyeza tuma usiandike tena mara ya pili, mgeni ataletewa majibu mawili, pengine na bei mbili.

Bro, mimi nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, naagiza Guangzhou kwa msambazaji mmoja miaka minne sasa. Tunaandikiana kwenye imeili, nasomea kwenye simu. Juzi nimelipa kwa TT (kutuma hela nje kupitia benki) dola elfu kumi na moja, asilimia 70 iliyobaki, kwa akaunti mpya aliyonitumia akisema ya zamani iko kwenye ukaguzi. Sasa anasema hajapata hela na hajawahi kunitumia akaunti yoyote mpya. Nimeirudia imeili, jina ni lake, imeili ni jibu la mazungumzo yetu yale yale, mpaka proforma, yaani invoisi ya awali, ni ile ile. Ananitapeli au? — Mfanyabiashara, Kariakoo

Kama umelipa ndani ya siku hizi mbili tatu acha kusoma, nenda benki yako sasa hivi, sio kesho, omba waipelekee benki iliyopokea ombi la kurudisha hela na kuzizuia, kisha nenda polisi kitengo cha makosa ya mtandao, sheria ipo tangu 2015. Kila saa inayopita hela inahamishwa kwingine. Halafu urudi umalizie.

Msambazaji wako nadhani hakutapeli. Nyote wawili mmetapeliwa na mtu wa tatu ambaye alikaa katikati yenu kimya kimya, labda kwa wiki kadhaa, akisoma kila mnachoandikiana. Utapeli huu ni mkubwa dunia nzima, FBI ya Marekani peke yake kwa mwaka 2023 ilipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9, na hizo ni za walioripoti tu. Wafanyabiashara wa kuagiza ndo windo zuri maana wanalipa hela nyingi kwa mkupuo, kwa mtu wa mbali, kwa karatasi iliyokuja kwenye imeili.

Inavyofanyika. Mmoja wenu, anaweza kuwa wewe au yeye, aliletewa imeili ya uongo inayosema labda boksi lako limejaa ingia hapa uhakikishe, akaingia kwenye ukurasa unaofanana na wa kweli akaweka paswedi. Kwenye simu hiyo ni rahisi sana kutokea kwa sababu anwani ya ukurasa huioni yote, kioo kidogo. Tapeli akapata paswedi, akaingia, hakuiba chochote, hakubadilisha paswedi ili usishtuke. Akaweka maelekezo ndani ya akaunti kwamba kila imeili yenye neno proforma au payment au benki ijipeleke na kwake. Akasubiri. Mlipofika kwenye malipo ya mwisho akaingia yeye, akajibu kwenye mazungumzo yenu yale yale.

Mara nyingi hajibu kutoka anwani ya kweli, anasajili domeni inayofanana, anaongeza herufi moja, au anaweka r na n zikiwa zimeshikana zikaonekana m. Na hapa ndo simu inatuangusha. Kwenye kompyuta mara nyingi unaona jina na anwani vikiwa pamoja, kwenye simu unaona jina tu, kubwa, na kaduara ka picha. Jina mtu anajiandikia lolote. Hebu sasa hivi fungua ile imeili uguse jina, anwani kamili itatokea, uilinganishe herufi kwa herufi na ya mwaka jana. Nina hakika kama 8 kwa 10 kwamba utaona tofauti. Ukikuta ni ile ile kabisa basi akaunti ya msambazaji ndiyo iliyoingiliwa.

Usibishane nae kwa imeili, tapeli bado anasoma. Mpigie kwa sauti au video kwenye namba mliyokuwa nayo tangu zamani, isiwe namba iliyoandikwa chini ya hiyo imeili. Kisha tafuta kompyuta, hata ya intaneti kafe unayoiamini au ya rafiki, ingia kwenye akaunti yako kwa tovuti, sehemu ya vichujio na ya kufowadi. Apu ya Gmail kwenye simu haikuonyeshi hizo sehemu, ndo maana mtu anabadilisha paswedi akadhani kapona, kumbe imeili zinaendelea kwenda kwa tapeli kila siku. Futa usichokijua. Badilisha paswedi, ondoa vifaa vyote, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pamoja na namba ya pili ya siri. Na huo wa hatua mbili uwe wa apu ya kutoa namba kuliko SMS, kwa sababu laini inaweza kurinyuliwa na mtu mwingine. Google wanakupa na namba 10 za akiba za kuingilia, zichapishe uweke dukani penye usalama, usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo.

Kuanzia sasa wekeaneni sharti na msambazaji, liandikwe kabisa kwenye proforma, kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa imeili, ikibadilika mnaongea kwa sauti na unatuma kwanza dola mia, anathibitisha kwa sauti kwamba kaipata, ndo unatuma zilizobaki. Ada ya TT ya ziada utalipa, ndiyo. Lakini wewe unajua dola elfu kumi na moja ni pikipiki ngapi, ni ada za shule za watoto wangapi. Pole sana kaka, na hii barua nimeiweka hapa nikijua Kariakoo nzima mnalipa kwa namna hiyo hiyo.

Shikamoo. Tuna kampuni ndogo ya safari Arusha, watu watano. Tunatumia imeili moja ya info, paswedi tunaijua wote, iko kwenye simu za wote. Kuna dereva wetu ameacha kazi kwa ugomvi na ameenda kwa washindani. Je bado anaziona? Na kuna siku imeili za wageni zinapotea tu, hakuna anayejua nani kafuta. — Meneja, Arusha

Marahaba. Ndiyo, anaziona, na ataendelea kuziona mpaka mbadilishe paswedi, na hata mkibadilisha hakikisheni mnamwondoa kwenye orodha ya vifaa maana simu yake inaweza kuwa bado ina ruhusa ya zamani, na zile alizokwisha kuzishusha atabaki nazo hivyo hivyo.

Hilo la imeili kupotea ndo nilieleza kwa ndugu wa Kurasini, kwenye IMAP mkono mmoja ukifuta kwa wote imefutika. Mtu yuko kwenye foleni getini Ngorongoro anasafisha simu yake nafasi imejaa, anafuta, hajui kafuta ya kampuni. Angalieni kwenye kapu la taka kabla ya kuhangaika, Gmail wanatunza siku 30. Na nyingine ni hii, mmoja akiifungua inaonekana imesomwa kwa wote, kila mmoja anadhani mwenzake kajibu, mgeni anakaa siku nne.

Kila mtu awe na imeili yake kwa jina lake kwenye domeni ya kampuni, halafu hiyo ya info iwe ni kundi tu, ikiingia barua inawafikia wanaohusika na kuna mmoja aliyepangiwa kujibu wiki hiyo. Mtu akiondoka unafunga yake, za wengine haziguswi. Mkiwa kwenye Google Workspace au Microsoft 365 ya kulipia, meneja anaweza akiwa ofisini kufuta akaunti ya kampuni kwenye simu ya mfanyakazi bila kugusa picha za familia yake. Android tangu toleo la 5 zina upande wa kazi uliotenganishwa, apu zake zina kialama cha mkoba. Mwambieni mfanyakazi hili mapema siku anaanza kazi, akubali, msije mkamfutia mtu kitu bila kujua.

Na sio suala la ushindani tu. Ninyi mnapokea kopi za paspoti, tarehe za kuzaliwa, wengine wanawaandikia mpaka magonjwa yao kabla ya kupanda Kilimanjaro. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na kampuni inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na izilinde. Paspoti za wageni kubaki kwenye simu ya mtu aliyeacha kazi kwa ugomvi, hapo hamjazilinda. Badilisheni leo.

Ndugu, nina BlackBerry Bold ninayoipenda, keyboard yake hakuna simu inayoifikia. Nimeitoa kabatini nataka iwe ya imeili za ofisi tu. Haisinki kitu. Kuna namna? — Mzee wa Morogoro

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna namna. BlackBerry ilikuwa na ujanja wake, imeili zilipita kwanza kwenye mitambo ya kampuni yenyewe kutoka Kanada, ikazifinya, ikazisukuma kwenye simu, kale kataa kekundu kanamwekamweka na wewe unajua kuna kazi imeingia, miaka hiyo wengine wote wakiwa wanachota kwa mkono. Tarehe 4 Januari 2022 mitambo inayohudumia zile simu zake za zamani ilizimwa, na kampuni ilisema hata kupiga simu na SMS zisitegemewe tena kwenye hizo. Zile BlackBerry za mwishoni zilizokuja na Android hazikuhusika, ila nazo hazipati tena masasisho ya usalama kwa hiyo sikushauri uziwekee imeili ya ofisi. Nunua kikibodi kidogo cha blutuuthi unaunganisha na simu yoyote ya Android, vidole vyako vitarudi kwenye raha yake.

Salaam aleikum. Niko Mombasa nauza viungo na kahawa kwa wateja wa Ulaya. Imeili yangu ya kampuni nikituma kotesheni kutoka simu wateja wanasema iko kwenye spamu, ama haikufika kabisa. Nikituma kutoka laptopu inafika sawa. Shida ni simu? — Mfanyabiashara, Old Town

Waaleikum salaam. Umenipa dalili nzuri sana hapo, laptopu sawa simu hapana. Uwezekano mkubwa kwenye simu upande wa kutuma umewekwa seva nyingine, pengine aliyekuwekea alikwama akatumia seva ya kutuma ya Gmail yako binafsi au ya mtu mwingine. Basi imeili inatoka ikisema mimi ni wa kampuni ya viungo lakini imebebwa na gari ambalo haliko kwenye orodha ya kampuni. Hiyo orodha inaitwa SPF, inaandikwa kwenye domeni, inataja seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako, na kuna mwenzake DKIM ambayo ni kama muhuri unaogongwa kwenye kila imeili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, domeni isiyo hata na mojawapo ya hizo imeili zake zinatupwa spamu au zinakataliwa mlangoni.

Fungua setingi za akaunti kwenye simu, upande wa kutuma uweke seva ile ile iliyo kwenye laptopu, poti 587, na jina la mtumiaji liwe anwani yote nzima sio kipande cha kabla ya @. Kisha mpigie aliyekuhifadhia domeni umuulize SPF na DKIM zimewekwa, ni kazi ya dakika chache kwake. Ukimaliza tuma kutoka simu kwenda kwenye Gmail yoyote, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoto vitatu kisha chagua kuona imeili halisi, juu pale utaona SPF na DKIM zimeandikiwa PASS. Ikiwa bado moja inaandika FAIL niandikie tena, na unitumie picha ya hiyo sehemu ya juu ukiwa umeziba majina ya wateja.